Habari za Ukoo ni Mali ya Nani?

Kila ukoo una habari za namna mbili: zile zinazosimuliwa mbele ya wageni, na zile zinazosemwa mlango ukiwa umefungwa. Za kwanza huongezeka kila zinaposimuliwa. Za pili hupungua kila anapozikwa mtu mzima. Katika nchi ya Iringa habari za namna ya kwanza hazina upungufu. Ni vigumu kumpata mtoto asiyeambiwa kwamba tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, na kwamba Zelewski mwenyewe alifia hapo. Nimehudhuria vikao vingi vya ukoo, wala sikumbuki kikao ambacho sikumsikia mzee mmoja akisema kuwa babu yake alikuwapo. Lau wote wanaotajwa kuwa walikuwapo wangalikuwapo kweli, vita vile visingalihitaji mikuki. Wingi wa watu peke yake ungalitosha.

Siku hizi simulizi hizo zimepata njia mpya. Ukoo ambao zamani ulikutana msibani na harusini sasa hukutana kila asubuhi ndani ya simu, katika kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook. Mwenye picha ya babu huitoa kwenye fremu, akaipiga picha nyingine, akaituma. Mwenye mama mzee humrekodi sauti akitaja majina ya waliokufa. Mimi ni mmoja wa watu hao. Kwa miaka kadhaa nimekusanya habari za ukoo wetu, uliotawanyika toka vijiji vya Iringa hadi mtaa wa Soweto mjini Mbeya, na kila nilipopata jambo nililituma katika kundi letu. Insha hii imetokana na siku moja nilipotuma jambo ambalo nilidhani ni langu.

Si haki kuanza na lawama, maana kazi hii imetupa mengi mema. Nyanda za Juu Kusini zilitoa wanaume wengi waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini na shaba katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wengine walirudi na mablanketi na baiskeli, wengine walilowea. Neno hili kulowea lina huzuni ambayo anayeijua ni yule aliyebaki nyumbani akingoja barua. Katika ukoo wetu alikuwako kijana mmoja aliyeondoka katika miaka ya 1950 asionekane tena, na mama yake alikufa akiwa bado amemwekea mkeka wake. Miaka michache iliyopita mpwa wangu alituma picha yake ya pekee katika kundi letu, na toka hapo ikapita kundi hata kundi. Haikupita wiki mbili tukapigiwa simu na mjukuu wake, msichana anayeishi Soweto, ile ya Johannesburg iliyoupa mtaa wetu wa Mbeya jina lake. Soweto mbili zikazungumza usiku kucha. Mtu aliyeona wazee wakilia mbele ya kioo cha simu hawezi kusema kuwa chombo hiki ni uovu mtupu.

Ni kwa ajili ya furaha hiyo, nadhani, nilizoea kuamini kwamba kila kilichofichika kinangoja kufichuliwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika kitabu cha ubatizo cha misheni moja niliukuta ukurasa wenye jina la mama yake babu yangu. Kando ya jina lake jipya la Kikristo yaliandikwa maneno machache: kwamba mwanamke huyu alikuwa mateka, aliyeletwa akiwa mtoto kabla ya Wajerumani kuiteka Kalenga mwaka 1894. Likatajwa pia jina la zamani, ambalo maana yake ni karibu na kusema “aliyeokotwa”. Nilitetemeka kwa furaha ya mtafutaji. Ukoo wetu una nyumba nne, kila nyumba ikiwa na mama yake, na nyumba yetu ndiyo ya nne. Tangu utotoni nilikuwa nikijiuliza kwa nini watu wa nyumba yetu hukaa karibu na mlango wakati wa vikao, na kwa nini sehemu yetu ya ardhi ni ile ya bondeni inayotwama maji. Sasa nilikuwa na jibu. Nikaupiga picha ukurasa ule, nikautuma kwa watu 112 kabla sijatoka katika chumba nilichousomea.

Majibu ya kwanza yalikuwa nyuso za mshangao. Ya pili yalikuwa nyuso za kucheka. Ya tatu yalikuwa maneno ya kijana mmoja wa nyumba ya kwanza, aliyeandika kuwa sasa ameelewa kwa nini nyumba ya nne haijawahi kupewa shamba la mlimani, na kwamba watoto wa mateka hula walichopewa. Yamkini alifanya mzaha. Lakini mwezi ule ule ukoo ulikuwa ujadili mgawanyo wa mashamba, na msemaji wa nyumba yetu katika shauri hilo alikuwa shangazi yangu wa Soweto, mwanamke aliyepita miaka themanini, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akilidai shamba la mlimani kwa hoja zisizo na makosa. Mzaha wa kijana ulimvua hoja zote kwa mstari mmoja. Shangazi hakuandika neno. Kesho yake jina lake halikuwamo tena katika kundi, alikuwa amejitoa.

Nilijitetea moyoni kwa hoja ambayo kwanza ilionekana haina ufa. Mwanamke yule ni wangu. Damu yake imo mwilini mwangu. Kama kuna aibu, ni aibu yangu pia, na mtu anaweza kuitangaza aibu yake akitaka. Tena jambo lenyewe ni kweli, limeandikwa, na aliyeandika hakuwa na sababu ya kusema uongo. Basi kosa liko wapi?

Ufa wa hoja hii niliuona polepole. Damu hugawanywa, lakini mzigo haugawanywi kwa kipimo kile kile. Mimi ni mtu wa mshahara, nakaa mbali, shamba la mlimani sitalilima kamwe. Nilipotangaza kuwa natoka katika tumbo la mateka sikupoteza kitu. Kwa kweli nilipata sifa ya ujasiri. Shangazi yangu hakupata sifa. Yeye ndiye anayeishi kati ya watu ambao kwao neno mateka bado lina makali, ijapokuwa utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika tangu mwaka 1922. Nilikuwa nimelipa deni langu kwa fedha ya mtu mwingine, nikajiita mkarimu.

Wazee wa ukoo nao walinipigia simu. Waliniagiza niifute picha kwa ajili ya heshima. Muda ambao simu inaruhusu ujumbe ufutwe kwa wote ulikuwa umekwisha pita, na hata kama usingalipita, picha ilikuwa imefika Dar es Salaam na kwingineko. Lakini nilisikiliza kwa makini neno lile heshima, nikajiuliza ni heshima ya nani. Hawakuwa wakimwonea haya mwanamke aliyetekwa akiwa mtoto. Walikuwa wakimwonea haya bwana aliyemleta nyumbani, babu wa ukoo mzima, ambaye picha yake ya kuchora imepambwa kwa mkuki na ngao, na ambaye husemwa, kama ilivyo desturi, kuwa alikuwapo Lugalo. Zama zile za Munyigumba na Mkwawa katika Uhehe, na za akina Merere katika Usangu, vita vilikwenda na kurudi katika nchi hizi, na kila jeshi lililorudi lilirudi na watu. Shujaa na mteka watoto yawezekana walikuwa mtu mmoja. Hilo ndilo wazee hawakutaka lionekane.

Kwa hiyo kimya kina wenyewe, nao si wamoja. Kuna kimya cha mwenye nguvu anayefunika alichokitenda, na kuna kimya cha mnyonge anayekilinda alichobakiwa nacho. Kwa mbali vinafanana, na anayewaambia watu wa kwetu kwamba mambo ya ukoo yasisemwe hadharani hana budi kueleza anakusudia kimya kipi. Cha kwanza sina heshima nacho. Historia ya nchi ingekuwa ufukara mtupu kama watawala na wateule wao wangeachiwa wachague habari zao. Abdallah bin Hemedi ‘lAjjemy alipoandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata kwa chapa mpya mwaka 1962, hakuwa mtoto wa nyumba ile ya Usambaa, wala hakuyaruka magomvi na damu ya watawala wake. Matendo ya mtawala yalitendwa juu ya watu, na watu wana haki ya kuyasimulia.

Tazama pia jinsi mambo yalivyokwenda kwa Mkwawa mwenyewe. Alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe akiwa hai, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake. Likapita kimya cha miaka mingi, mpaka Gavana Edward Twining alipolitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 fuvu likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wako wanaotilia shaka kama fuvu lile ndilo. Hilo ni shauri la wataalamu. Ninachotaka kuonyesha ni kuwa mfu mmoja wa nchi hii alikuwa na mkataba wa mataifa nyuma yake, na gavana wa kumtafuta. Msichana aliyetekwa katika vita vya zama zile zile hakuwa na kifungu cha mkataba wowote. Aliyekuja kumtafuta alikuwa mimi, na mimi nilimfikisha mbele ya kadamnasi kabla sijamfikisha nyumbani.

Mwanachuo ataniambia kuwa nachanganya mambo mawili. Kwamba kazi ya mtafiti ni kuhifadhi, na kwamba kisichohifadhiwa hupotea. Ni kweli, na hapa ndipo ninapoona hila ya chombo chetu kipya. Zamani kuhifadhi na kutangaza zilikuwa kazi mbili, tena zilikuwa mbali. Mtu aliandika habari za babu zake katika daftari, daftari likakaa kisandukuni. Alipotaka watu wazijue aliandika barua, akaipeleka kwa gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, akangoja. Kati ya kisanduku na gazeti palikuwa na safari ya posta, na mhariri aliyeweza kusema hapana, na miezi ambayo ndani yake mwandishi aliweza kupata usingizi na kujuta. Katika simu, kidole kinachohifadhi ndicho kinachotangaza. Nilitaka kuuokoa ukurasa ule usiliwe na mchwa, nikauokoa kwa kuupeleka sokoni.

Baada ya mwezi nilipanda basi kwenda Mbeya. Ilikuwa Julai, baridi imeukamata mji toka mlima Loleza hadi bondeni, na katika soko la Soweto wauza viazi walikuwa wamejifunika mablanketi hadi puani. Shangazi alinipokea kama siku zote.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

Akanipa chai na viazi. Akaniuliza habari za watoto, za mvua, za mguu wa ndugu yangu uliovunjika. Nilingoja anikemee, hakunikemea. Saa nzima ilipita, jiko la mkaa likaanza kufanya majivu, ndipo aliposema, bila kunitazama, “Ulidhani sijui?”

Alijua. Alipokuwa msichana alilazwa nyumbani kwa bibi yake amsaidie kuteka maji na kuwasha moto, na usiku wa baridi bibi alimsimulia yote: kijiji alichotoka, mto waliovushwa, kamba, na mwanamke mwingine aliyembeba alipochoka. Akaniambia kuwa jina lile la kitabuni halikuwa jina. “Hilo ni la waliomteka. Aliliitikia miaka yote kwa kuwa ndilo aliloitwa, lakini halikuwa lake. Mama yake alimpa jina. Wewe umewapa watu 112 jina alilolichukia.”

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia zamani.

“Mliniuliza?” alisema. “Mlikuja na simu zenu mkaniuliza habari za Lugalo.”

Neno hilo lilinikalisha kimya. Nilikuwa nimejidai kufichua siri, kumbe siri haikuwapo. Palikuwa na mtu aliyekuwa na habari, na watu ambao kwa miaka themanini hawakumwuliza kwa sababu walikuwa wakitafuta habari nyingine. Nilidhani nimeushinda ukimya wa shangazi yangu, nami nilikuwa sehemu yake. Tena kitabu nilichokitegemea, ambacho maandishi yake niliyaona kuwa ushahidi usioshindwa, kilikuwa kimeandika kwa uaminifu yale ambayo mtekaji aliyasema. Ukweli wa kitabu ulikuwa ukweli, lakini ulikuwa wa upande mmoja wa kamba.

Nilipokuwa nikirudi niliwakumbuka wanawake wawili ambao wanafunzi wa historia ya nchi hizi wanawajua, Narwimba na Chisi. Waliishi katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, wakatekwa, wakapitishwa mikono mingi, na uzeeni habari zao zikaandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyekaa Usafwa, katika ardhi ile ile ambayo mji wa Mbeya umekuja kusimama. Yeye ndiye pia aliyeandika vitabu vitatu juu ya Wasafwa, vilivyotoka Berlin kati ya mwaka 1926 na 1929. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizileta habari za wanawake hao katika kitabu chake cha Kiingereza juu ya watumwa na wanawake, zikasomwa duniani. Mtu anaweza kuuliza: nao hawakutangazwa mbele ya wageni? Walitangazwa, tena kwa lugha ambazo wajukuu zao hawakuzijua. Hata hivyo, habari zao zilianza vinywani mwao. Walichagua wapi pa kuanzia, nani wa kumtaja kwa shukrani na nani wa kumtaja kwa uchungu. Huenda mwandishi alipunguza au akaongeza; waandishi hatuaminiki sana. Lakini aliyepitia mateso ndiye aliyefungua mlango, na kwa hiyo msomaji wa leo akiingia haingii kama mwizi.

Basi naelekea kuamini kuwa haki ya kwanza juu ya habari ya ukoo si ya aliyeigundua, wala ya mzee mwenye kiti kikubwa, bali ya yule aliyeubeba uzito wake. Na kama amekufa, ni ya yule aliyekabidhiwa naye kwa mdomo. Aliyekabidhiwa akikubali, semeni hata juu ya mapaa, na heshima ya wajukuu wa mtekaji isiwe kizuizi. Akikataa, mtafiti aandike katika daftari lake na kungoja. Najua upungufu wa shauri hili. Aliyekabidhiwa anaweza kufa kesho. Anaweza kuwa na kinyongo, au kusahau, au kuwa wawili wasiopatana. Na mara nyingi hayupo kabisa. Kuna mateka wengi wa zama zile ambao hawakuacha mjukuu wa kulala naye usiku wa baridi, na juu yao tumebaki na vitabu vya wamisionari na taarifa za maofisa tu. Kwa hao sina kanuni. Ningeomba tu kwamba tunapowataja tuseme pia ni nani aliyetuambia, na alisimama upande gani.

Kabla sijaondoka Soweto nilimwomba shangazi ruhusa ya kulirekebisha jambo katika kundi, kwa kutuma jina la kweli. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema kuwa jina lile hakulipewa kundi, alipewa yeye. Na kwamba anayelitaka aje alichukue hapa, akiwa amekaa, siyo akiwa njiani. Akanitajia mimi mara mbili ili nisilikosee, na kwa idhini yake nimeliandika katika daftari ambalo sitalipiga picha.

Kikao cha mashamba kiliahirishwa. Nilikwenda katika kikao kilichofuata nikiwa na nasaba ya ukoo niliyoichora juu ya karatasi kubwa, majina ya nyumba zote nne, na mahali pa mama wa nyumba yetu nimepaacha peupe. Jina la kitabuni sikuliandika. Watu wengi waliuliza kwa nini pale pako tupu, nami niliwajibu kuwa jina lipo, liko Mbeya, na nikawaelekeza nyumba. Mpaka leo wamekwenda watatu. Wa kwanza wao alikuwa yule kijana wa nyumba ya kwanza. Shangazi anasema alikaa mpaka jioni, akanywa chai vikombe vinne, na simu yake hakuitoa mfukoni.